Kidole Juu ya Msalaba

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na leo unapopokea daftari hili la ubatizo kutoka mikononi mwangu, acha nikusimulie. Nilikuwa kijana, karani wa parokia yetu hapa Bunia, na vita vilikuwa vimepamba moto. Nilijivunia jambo moja: ndani ya daftari langu hapakuwa na neno la uongo. Hata waliokufa niliwachorea msalaba mdogo wa wino pembeni ya jina, siku ileile.

Asubuhi moja akaja Mama Apolina, mjane aliyeuza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani. Nyumbani kwake alikuwa amemficha binti aliyekimbia kijiji chao baada ya wazazi wake kuuawa. Makabila sitayataja, unayajua, na hayatatusaidia kitu. Alitaka kumvusha barie, kile kizuizi cha barabarani ambapo jina peke yake lilitosha kumuua mtu.

"Sekreteri, andikia huyu binti karte ya batisimu mu jina ya mutoto yangu Georgine," akaniambia. "Georgine iko kwa Mungu, hatakatala."

Georgine alikufa kwa surua, na msalaba wake niliuchora mimi mwenyewe.

"Mama, siwezi. Mu kitabu ya kanisa hatuandikaka uongo."

Aliniangalia kidogo. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Basi chunga kitabu yako, mutoto. Siye tutaenda hivi hivi."

Wakaenda bila cheti cha ubatizo. Mimi nikarudi kitini nikijiona mtakatifu, mpumbavu mie!

Kabla ya saa sita walirudishwa, mama na binti, wakiswagwa na kijana mwenye bunduki. Kule barie Mama Apolina alikuwa ameshikilia kwamba binti ni wake wa kumzaa, na kwamba alibatizwa kwetu kwa jina la Georgine.

"Fungula kitabu," kijana akaniamuru. "Kama Georgine haiko mu ndani, hawa watanijua."

Binti alikuwa amebaki na kandambili moja. Nikafungua ukurasa. Jina lilikuwepo, na pembeni yake msalaba wangu, mweusi, umenyooka vizuri. Niliogopa sana, mwanangu. Niliiogopa bunduki, na niliiogopa dhambi, na kwa mara ya kwanza nikaogopa zaidi kuliko vyote kwamba yule binti angekufa kwa sababu ya usafi wangu. Nikaweka kidole gumba juu ya msalaba, nikamgeuzia daftari.

"Georgine, mutoto ya Apolina," nikasema. "Ni huyu."

Alisoma polepole, herufi kwa herufi. Akamtazama binti, akautazama mkono wangu, kisha akawaambia waende. Jioni yake nilisikia wamefika Tchomia na kupanda mtumbwi.

Jumamosi nilikwenda kuungama kwa padri wetu mzee. Nikamweleza yote, kwamba nilidanganya kwa kitabu cha Mungu.

"Na asubuhi ile ulimukatalia mama," akauliza, "hiyo hutubu?"

Nililia pale pale, kwa sababu dhambi niliyoibeba kwenda kuungama haikuwa ile niliyotenda.

Sasa nisikilize vizuri, maana ninyi vijana mna haraka ya kuchukua nusu ya neno. Sikuambii uongo ni mzuri. Ukidanganya ili ujiokoe mwenyewe, au ili upate kitu, usinitaje mimi kabisa. Nakuambia amri zote tulipewa ili tupendane, na siku amri moja itakapokuamuru umtoe mtu auawe, jiulize kwanza upendo unataka nini kwa huyu aliye mbele yako. Kisha fanya hivyo, na ukubali kuulizwa na Mungu. Mimi nasubiri kuulizwa.

Fungua ukurasa wa Georgine. Unaona wino ulivyovurugika? Ni jasho la kidole changu. Usiurekebishe. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mkono wa kuandika kweli siku zote, na kidole kisichochelewa kama changu.