Nilikuwa Sahihi Kuhusu Simu ya Setilaiti, Nikampoteza Ndugu Yangu

Kosa ni langu, na msinihurumie kabla hamjamaliza kusoma. Watu wengi hapa Kapseret wanaamini nilitenda jema. Wakinikuta njiani napeleka maziwa, wananishukuru. Ndiyo maana naandika bila jina.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha kwanza. Niliacha shule, nikabaki na ng'ombe na ndugu yangu mdogo, nitakayemwita Kibet. Sikuolewa. Nilikamua, nikauza, nikamsomesha mpaka chuo kikuu. Watu walianza kuniita Mama Kibet nikiwa bado msichana, na sikuwakataza.

Kibet alipata kazi na kampuni iliyosema italeta simu za setilaiti, za kupiga mahali pasipo na mtandao. Biashara yenyewe haikuwa imeanza. Walitafuta kwanza wakulima wa kununua hisa, na wakulima walikuwa na mashaka. "Hapa karibu na uwanja wa ndege mtandao umejaa," walisema. "Nani atanunua simu ya bei ya ndama ndio ampigie jirani?"

Basi Kibet akaitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa. Wakubwa wake walikuja kutoka Nairobi. Mtu aliyesubiriwa hasa ni mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Yeye akinunua, wengine wangefuata. Mzee huyo pia ni baba ya Jerono, msichana ambaye Kibet alitaka kumwoa. Siku ya kwenda kwao kuposa ilikuwa imeshapangwa, na mimi ningekaa mahali pa mama. Nilikuwa nimeshaweka mursik, maziwa yetu ya kugandisha, katika kibuyu alichoacha marehemu mama.

Jumatatu ya wiki hiyo Kibet aliniachia simu moja ya majaribio. Nilikuwa nashuka bondeni kununua mbuzi, mahali ambapo hakuna mtandao kabisa. Niliinua simu juu, nikapanda mwamba, nikazunguka nayo. Haikushika chochote.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho ikapita. Ukweli ni kwamba nilifurahia kujua kitu ambacho msomi wangu hakujua.

Siku ya mkutano Kibet alinijulisha kwa wale wageni kwa Kiingereza. Aliwaambia mimi ndiye ninayesaidia nyumbani. Kiingereza changu kiliishia kidato cha kwanza, lakini hiyo niliisikia. Labda alikosa neno. Sikumpa nafasi ya kulitafuta.

Alieleza vizuri. Nusu ya ukumbi ilikuwa imeanza kulegea. Kisha yule mzee akanigeukia.

"Na wewe Mama uliyemlea, umenunua?"

Kwetu, neno la mzazi juu ya mtoto wake halina rufaa. Ningesema tu kwamba bado nafikiria, mambo yangeisha hapo. Nilisimama.

"Mzee, huyu alikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Godoro nilianika mimi. Leo anataka kuwauzia mbingu?"

Ukumbi mzima ulicheka. Jerono aliinamisha kichwa. Ningeweza kukaa chini hata wakati huo. Nikatoa ile simu mfukoni.

"Nilishuka na hii bondeni. Mbuzi niliowanunua walisikika mbali kuliko hiyo."

"Dada, tafadhali," Kibet alisema. "Setilaiti zingine hazijarushwa bado. Wacha nieleze."

"Dada gani? Mimi si ni yule anayesaidia nyumbani? Basi leo nimewasaidia."

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Jerono alimfuata. Baadaye viti vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja baada ya kingine, na wale wakubwa wa Nairobi wakawa wanaangalia viatu vyao.

Jioni Kibet alikuja nyumbani. Hakupaza sauti.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Dada, tumekula pamoja kila jioni tangu Jumatatu."

Nilisonga ugali.

"Ungeniambia, ningeahirisha. Ningewabana wale wakubwa mimi mwenyewe. Kwa nini ulingoja ukumbi ujae?"

Hapo ndipo ningepaswa kuomba msamaha. Nilimwambia, "Nilikujenga mimi. Naweza kukubomoa."

Alikunja nguo zake akaenda kupanga chumba mtaa wa Pioneer, mjini. Chakula chake nilikuwa nimeshakipakua.

Kampuni haikuwahi kuanza biashara. Ofisi yao ya mjini sasa inauza sare za shule. Majirani wananiambia, "Mama, ulituokoa." Kweli niliwaokoa. Ningeweza kuwaokoa kwa kuongea na mtoto mmoja jikoni, na heshima yake ingebaki.

Yule mzee alikaa muda mrefu akikataa kumtoa binti yake kwa kijana aliyekanwa na mlezi wake hadharani. Mwishowe Kibet alirudi kwa mzee akiwa na mchungaji wa Pioneer na mkewe, wakakaa mahali pa wazazi. Jirani aliyekuwepo alinisimulia huku nikimpimia maziwa. Anasema mzee aliuliza, "Na yule mama aliyekulea yuko wapi?"

Kibet akajibu, "Mzee, mimi nimezika wazazi watatu."

Hakuna aliyeuliza wa tatu ni nani. Jirani naye hakuniuliza. Alifunga kifuniko cha chupa yake, akaniaga.

Ile mursik ilikaa kibuyuni mpaka ikaharibika. Niliimwaga kwenye sahani ya mbwa. Alinusa, akaondoka.

Wewe uliye mkubwa kwenu, uliyeacha shule ili wengine wasome, nisikilize. Ukiona kosa la mdogo wako, mwambie siku hiyohiyo, mkiwa wawili. Ukianza kuliweka akiba, ujue unangojea watu wa kutazama. Usijidanganye kwamba unatetea ukweli. Mimi niliusema wote, kila neno, na hakuna mtu hapa anayenipinga. Ila Kibet na Jerono wamepata mtoto wa kike, na nilijua hilo kwa mteja wa maziwa.