Shikamoo Iliyomfungia Mama Ndani

Wasomaji wetu, haya yametoka kwa mama mmoja wa mkoa wa Singida. Jina lake tumelihifadhi, kama alivyoomba.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto watatu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana nilijifunza kusoma hapa hapa kijijini katika darasa la watu wazima, kwa hiyo mwandiko ukiwasumbua mnisamehe. Ila nawaomba msinicheke. Wenzangu kisimani wameshacheka vya kutosha.

Zamani tulikaa mbalimbali, kila mji na mashamba yake. Nilipoolewa, kutoka kwa mume wangu hadi kwa mama yangu, upande wa Mungaa, ulikuwa mwendo wa kuondoka asubuhi ukafika jua la utosi. Na ilifaa iwe hivyo, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia porini, na mama anajifunika khanga na kugeuka mpaka mwenzake apite. Hawasemeshani wala hawali pamoja. Si chuki, ni heshima, na mama yangu anaishika heshima hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Viwanja vikapimwa kwa kamba, mistari miwili, barabara katikati, milango inatazamana. Baba alishafariki na kaka yangu anafanya kazi mbali, basi mama akapewa kiwanja chake peke yake. Kipi? Kile kilicho mbele ya mlango wangu! Mimi nilishangilia kama mtoto. Nikasema sasa nitamchotea mama maji, akiugua nitamtazama. Nilisahau kabisa kwamba mume wangu ni mkwe wake. Nilipokumbuka nikamkimbilia bwana aliyekuwa anapima, nikamweleza. Akanijibu, "Dada, kamba imeshapita."

Tukajitahidi. Mume wangu alitoboa ua nyuma ya nyumba akawa anapitia huko kama mwizi wa kuku. Mama naye hafungui mlango kabla hajauliza kwa sauti, "Ametoka?" Nami najibu, "Ametoka, mama," ndipo anatoka kufagia. Watu walitutania, lakini tuliishi.

Sasa mume wangu ni mjumbe wa nyumba kumi. Siku moja yeye na wajumbe wenzake walirudi kutoka mkutanoni, wameambiwa sisi sote ni ndugu na mila za kutengana tuziache. Akaja kwa barabara ya mbele, kifua mbele, na wenzake nyuma yake. Mama alikuwa anafagia, akidhani mkwewe yuko mkutanoni bado. Mume wangu akasimama akasema kwa sauti ya kijiji kizima, huku anatabasamu, "Shikamoo, mama!"

Mama aliangusha ufagio. Alijifunika kichwa akachuchumaa, uso ukutani, mpaka jirani alipomshika mkono na kumwingiza ndani. Tangu siku hiyo hatoki ila kwa shida. Chakula nikipeleka, anauliza kimepikwa kwenye jiko la nani.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua mume wangu apeleke mbuzi wa kufuta aibu, yaishe. Akakataa katakata. "Nitozwe mbuzi kwa kumpa mtu shikamoo? Wapo hapa hawasalimii kabisa na hawatozwi! Nikitoa mbuzi leo, kesho nitasimama mkutanoni niseme nini?"

Nawaambia ninyi tu: aliposema ile shikamoo, moyo wangu ulifurahi. Nilitamani mama aitikie marahaba, siku moja tule sote nyumba moja. Nikajitia ujasiri, nikaenda mlangoni kwake nikamwambia, "Mama, dunia imebadilika." Akanijibu kwa ndani, "Umesoma mpaka aibu imekwisha, mwanangu?" Nililia njia nzima, na njia yenyewe ni kuvuka barabara tu.

Sasa kaka ameleta habari kwamba Jumamosi anakuja kumrudisha mama kwenye mji wetu wa zamani. Kule ni mahame. Paa la tembe limeshaanguka, jirani hayupo, fisi ndio wenyeji. Na mama anakohoa. Lakini amekwisha funga mzigo wake.

Mimi nina mbuzi wangu, nilimpata kwa kubadilishana na karanga zangu. Naweza kumpeleka kwa wazee nikasema ametoka kwa mume wangu. Mama atafungua mlango, atabaki. Lakini hapa kijijini hakuna siri, na mume wangu akijua, nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu aliowaambia hatoi.

Jana asubuhi mama aliuliza tena kwa ndani, sauti imekauka, "Ametoka?" Mume wangu alikuwa amekaa uani mbele yangu, anatia jembe mpini. Alisikia. Aliweka jembe chini, akapita kwenye ule uwazi wa nyuma, akaenda zake. Nikajibu, "Ametoka, mama." Mlango ukafunguka, mama akatoka akakaa kuota jua, amekonda jamani. Nilipochungulia nyuma, nilimwona mume wangu amesimama kwenye mabua ya uwele, mikono mitupu, anangoja. Hakurudi mpaka mama alipoingia ndani.

Mtu wa namna hii nimsemee uongo mbele ya wazee? Na mama yangu nimwache akalale na fisi? Wote ninaowapenda wana heshima, ndiyo shida yangu. Mbuzi yuko hapa uani, amefungwa kamba. Ndugu zangu, niambieni kabla ya Jumamosi: nimpeleke, au nimwache?