Mwaka Usio na Kulabu

Nchi yetu imeahidiwa kujitegemea kwa umeme mara nyingi mno, hadi ahadi yenyewe ina fundi wake. Fundi huyo ni Mzee Brashi, mchora mabango, mwenye karakana nyuma ya duka la vipuri. Ukikaribia mlango tu, harufu ya tapentaini inakupokea kabla ya mwenyeji.

Waziri wa kwanza alimkuta bado kijana mwenye nywele kichwani. Alitaka bango la barabarani: HATUTANUNUA UMEME NJE IFIKAPO MWAKA, kisha mwaka wenyewe. Brashi alichora herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Mwaka ukafika. Umeme wa nje nao ukafika, umechelewa kidogo kwa sababu ulikatikakatika njiani. Brashi akaitwa apande ngazi, akwangue mwaka, achore mwingine.

Waziri huyo alikuwa wa mabwawa. Wa pili alikuja na jua, wa tatu na upepo, na wa nne akatangaza kuwa gesi imejaa chini ya miguu yetu, tunaikanyaga tu kwa ujinga. Kila mmoja na mwaka wake, na kila mwaka na ngazi yake. Mgongo wa Brashi haukuwa wa chuma.

Ndipo akabuni kitu ambacho wizara nzima haikuwahi kubuni. Mwisho wa sentensi aliacha nafasi na kufunga kulabu mbili. Mwaka aliuchora kwenye kibao cha pembeni, akakining'iniza hapo. Ahadi ikichacha, unashusha kibao unapandisha kingine, na chai yako haijapoa. Wakubwa walifurahi hadi wakampa mabango yao yote. Ni kazi hiyo iliyomsomesha binti yake.

Na huyo binti, jamani! Ukienda kuchorewa kibao cha kinyozi utasimuliwa habari zake hadi nywele zako zenyewe zihitaji kinyozi. Ni fundi umeme, msimamizi wa kikosi kinachojenga kituo cha kupokea umeme wa bwawa jipya. Tangu utotoni alipanda ngazi ya baba yake kumpelekea rangi, kwa hiyo nguzo kwake ni kama kiti cha sebuleni.

Waziri mpya naye akataka bango, lisimame langoni pa kituo hichohicho. Brashi akalipeleka kwa pikapu, kulabu zimeshafungwa, kibao cha mwaka kwapani. Binti akatoka na kofia yake ngumu, glavu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda? Hawakulishi hawa?"

"Nakula. Hizi kulabu za nini?"

"Za mwaka. Si unazijua."

"Zitoe."

Mzee akacheka. Binti hakucheka.

"Kwenye mabango mengine ning'iniza hata karne, baba. Hili liko mlangoni kwangu. Vijana wangu wapite hapa kila asubuhi, waone baba yangu mwenyewe ameshajiandaa tushindwe?"

"Mama, siwadharau ninyi. Nawajua wakubwa."

"Wakubwa wamevuta nini hapa zaidi ya viti? Nyaya nimevuta mimi."

"Na wakininyang'anya kazi? Mabango yote ni yao."

Binti akavua kofia, akajifuta jasho. "Kwa hilo, baba, siwezi kukuahidi kitu."

Miaka yote hiyo, ilikuwa mara ya kwanza mzee kumsikia mtu akizungumzia umeme bila kuahidi. Alimtazama binti, akatazama mashine zilizopangwa nyuma yake, nyaya zimenyooka kama zimepigwa pasi. Akaomba koleo. Aling'oa kulabu, akaziba matundu, akasugua msasa, kisha akafungua kopo la rangi ya mafuta na kuchora mwaka moja kwa moja kwenye bango, tarakimu nene, nyekundu, zinazoonekana hadi ng'ambo ya bonde.

Hajamaliza kufuta brashi, gari likafika. Akashuka Mratibu wa Uhamasishaji, suti rangi ya maziwa, amekuja kukagua kabla waziri hajaja. Alisoma bango kwa kuridhika hadi mwisho wa sentensi.

"Mzee! Mwaka umegandaje huu?"

"Nimeuchora."

"Naona umeuchora! Kulabu ziko wapi? Ukitokea, unajua, mchakato?"

"Mchakato gani?"

"Mchakato wowote! Mzee, unatufunga!"

"Muulize msimamizi," Brashi akasema, akanyoosha brashi kwa binti yake kama anayemtambulisha rais. "Aliyefunga mashine zile ni mwanangu. Kwangu mwaka wake hauning'inizwi."

Mratibu akageuka. "Dada, mna hakika?"

"Bwawa limejaa, mashine tumezijaribu. Tukichelewa utatukuta hapahapa, tutakwambia wenyewe sababu. Hatutahama ofisi."

Vijana juu ya nguzo wakapiga miluzi. Mratibu akaegemea kitu cha karibu ili afikiri. Kilikuwa bango.

"Mzee," akasema akijinyoosha, "kazi ya wizara uhesabu umeshaikosa."

"Sawa, bosi," Brashi akajibu, kifua mbele. "Nenda salama."

Akaondoka kwa hasira kuelekea garini, na mwaka wote umekaa mgongoni kwake, mwekundu, umesomeka kinyumenyume, wa kwanza katika historia ya wizara kubebwa na mtu binafsi. Hakuna aliyemwambia. Vijana walijifunga midomo kwa glavu.

Gari lilipotoweka, binti akaja kumshikia kopo la rangi.

"Baba, tarakimu ya mwisho amekuharibia."

"Naiona, mama," akasema mzee, ameshachovya brashi. "Shika vizuri. Leo sina haraka."