Padri Primus na Jani la Isale

Umewahi kumnyima maiti sala? Padri Primus aliwahi, tena mchana kweupe, mbele ya mama aliyemzaa marehemu, na wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Utaratibu ni utaratibu, Mama Denis," akafunga mlango wa ofisi ya parokia.

Denis alikuwa mpagazi wa mlima. Kazi yake ilikuwa kubeba kichwani meza na viti vya kukunja, ili watalii wakifika kambini wale chakula cha jioni wamekaa kama wako hotelini. Safari yake ya mwisho kifua kilimbana kule juu kwenye baridi. Wenzake walimshusha kwa machela, akakata roho kabla hawajafika getini. Viti vilipata mtu mwingine wa kuvibeba, vikaendelea na safari.

Katika parokia ile ya mlimani, juu ya Moshi mjini, ukifa padri haulizi wazazi wako ulikuwa mtu wa namna gani. Anamuuliza mwenyekiti wa jumuiya, yaani zile kaya chache za jirani zinazokutana kila Jumamosi alfajiri kusali nyumbani kwa mmoja wao. Mwenyekiti akisema "huyu tunamjua", unazikwa kwa misa. Akisema "hatumjui", basi ndugu zako watajua wenyewe.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Jacob. Siku ile ofisini alisimama wima kama shahidi mahakamani.

"Hatumjui. Jumamosi haji, Jumapili haji. Hata kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya alikuwa anasoma tu, hajibu."

"Jumamosi yuko mlimani, mzee!" alifoka Godlove, mpagazi mwenzake Denis, aliyekuwa amemsindikiza mama wa marehemu. "Na Jumapili yuko mlimani! Mzungu hasubiri mmalize rozari." Kisha akamgeukia padri. "Father, hebu tuambie, Petro alikuwa jumuiya gani?"

Mtu mmoja pale mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Padri Primus naye alitabasamu kidogo. Tabasamu hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kuliko hata maneno aliyoyasema.

Kwa hiyo Denis alizikwa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, shangazi yake akiongoza rozari huku sauti ikimkatika kila tendo. Sheria gani hiyo inayomdai mtu mmoja awe sehemu mbili, kisha inamwadhibu akiwa kaburini? Hakuna aliyeuliza. Margareta, mama yake, hakuuliza wala hakulia. Yeye ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare tangu Primus hajahamia pale. Baada ya mazishi aliviacha mlangoni pa sakristia, vimekunjwa vizuri, akaacha kuja kanisani.

Primus hakuwa mtu mbaya. Ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa huko huko mlimani, aliyeingia seminari ndogo kifua kikiwaka moto, akiapa atakuwa padri wa watu wasio na mtetezi. Miaka ya ofisini ilimfundisha kuupenda utaratibu, kwa sababu utaratibu haulii wala haukutazami machoni.

Sasa sala zilimkauka. Alisimama altareni akayasema maneno yale yale, akayasikia yakimtoka kama ya mpiga mnada. Alipiga magoti mbele ya tabernakulo, akaona sanduku. Mwishowe aliomba kitu kimoja tu: Margareta amsamehe. Yule mama akimsamehe, alijiambia, ataamini tena. Asipomsamehe, hataweza tena kusimama mbele za watu akiwadanganya.

Ndipo alipokumbuka isale. Kwa Wachaga, jani hili refu la kijani, linalooteshwa mipakani mwa vihamba, ni ombi la msamaha. Mtu uliyemkosea ukimpelekea isale hawezi kukukatalia, hata kama ulimwaga damu ya ndugu yake. Kukataa ni kujiitia laana. Bibi yake Primus alimfundisha hayo kabla hajajua kusali Baba Yetu.

Jumamosi alasiri alichuma jani kwenye ua wa parokia, akalifunga fundo, akateremka katikati ya migomba. Alimkuta Margareta bandani, anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Margareta aliendelea kukata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Baba. Leo umekuja jumuiya?"

Padri alipiga magoti kwenye samadi, na kanzu yake, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Nimekosa, mama. Nilimnyima Denis haki yake, na wewe nikakunyima yako. Nisamehe."

Margareta alilitazama lile jani. Uso ulimlegea, lakini si kwa huruma. Alikuwa kama mtu aliyefika kwenye njia yake akakuta imezibwa.

"Ungekuja mikono mitupu," alisema.

"Sijakuelewa, mama."

"Ungekuja mikono mitupu ningekutukana. Ningekufukuza na hili panga mpaka barabarani, watu wakuone. Labda ningelia, maana sijalia bado. Nikishalia, labda ningekusamehe. Sasa umeniletea isale. Niseme nini mimi?" Aliweka panga chini, akalipokea. "Haya, nimekusamehe. Siku ile ulinifunga mdomo kwa utaratibu wa kanisa. Leo umenifunga kwa utaratibu wa kwetu."

"Mama Denis, mimi sikuwa na nia..."

"Si nimeshasema nimekusamehe? Unataka nini tena? Nenda, Baba. Ng'ombe ana njaa."

Primus alipanda njia ya kanisani akijilazimisha kufurahi. Neno si limetoka? Isale si imepokewa? Alilishika neno hilo kama anayezama anavyoshika unyasi.

Asubuhi yake, kwenye misa ya kwanza, alimwona Margareta akiingia, amejifunga kitenge cheusi. Moyo ulimruka. Alihubiri kwa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Wakati wa komunyo yule mama alijipanga kwenye mstari, Mzee Jacob nyuma yake. Alipofika mbele, padri aliinua hostia.

"Mwili wa Kristo."

Margareta alimtazama machoni, midomo imefungwa. Kwaya ilimaliza ubeti.

"Mwili wa Kristo, mama," padri alirudia, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba.

"Amina" haikumtoka. Aliinamisha kichwa kwa heshima zote, akageuka, akatembea polepole katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, akatoka nje.

Mkono wa padri ulibaki hewani. Mzee Jacob akasogea mbele, akafumba macho.

"Amina," akasema kwa sauti kubwa, kabla hajaambiwa neno, akafungua kinywa.