Rozi na Mdogo Wake

Nakumbuka siku ile mama mkwe wangu aliporudi kutoka shamba la pareto, kikapu mgongoni, akanikuta jikoni nimempakata binti yangu wa pili. Kulikuwa na baridi, kama kawaida ya huku kwetu milimani Mbeya. Binti wa kwanza alikuwa Rozi. Huyu nilitaka aitwe Lili, wafanane, kama mtu anavyowashonea wanawe magauni ya kitambaa kimoja.

"Haya, Mama Rozi," akasema akitua kikapu, "na wa tatu ataitwa Kabichi?"

"Kabichi si ua, mama."

"Basi Pareto. Ndilo ua lililomsomesha mumeo."

Tulicheka. Kisha akakaa, akasema taratibu, "Maua siyakatai, ni kazi ya Mungu. Lakini mama yangu Tusekile tumemzika, na mimi sikujaliwa binti. Kama si wewe, nani ataliita tena jina lake katika nyumba hii?"

Nilikuwa nimezungumza na mume wangu na mchungaji; yeye sikumwuliza.

Jumapili ya ubatizo mchungaji akatamka, "Lili Tusekile." Nilitegemea kigelegele. Badala yake mama mkwe akanivuta kanga, akanong'ona, "Na Rozi je? Mdogo ana bibi, mkubwa ana ua tu?" Tulipofika nyumbani, kabla hatujala, akampakata Rozi, akampa jina lake yeye bibi, Atupele. Leo mabinti hao ni watu wazima, na sijawahi kusikia mmoja akilalamika kwamba mwenzake alipendelewa. Namshukuru Mungu kwa mama yule.

Sasa wewe, mwanangu uliyeniandikia kuomba ushauri, una Waridi huko Iringa, na huyu aliye tumboni unataka awe Yasmini. Majina mazuri, sina neno. Jina jema hung'ara gizani. Ila watoto si mapambo ya meza moja. Kila mmoja anahitaji mtu wa kumrithi jina. Mpigie mama mkwe wako kabla hujaenda kwa mchungaji. Akikupa jina la bibi kwa ajili ya mdogo, usiishie hapo, mwombe na la Waridi.

Mungu anayeyavika maua ya kondeni akujalie ujifungue salama, na mabinti zako wapate wa kuwaita kwa upendo hadi uzeeni. Amina.