Seli Siku ya Sabato

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipewa jukumu la kusafisha stoo ya shule, na nilipofungua sanduku moja lililosahaulika nikapigwa usoni na harufu ya wino wa stensili. Vijana wa leo hawaijui. Iko kati ya mafuta ya taa na lami, na karatasi iliyotoka kwenye mashine ile ya kuzungushwa kwa mkono ilikaa nayo kwa majuma. Wenzangu walidhani nataka kupiga chafya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeudhika, tena upya kabisa, kwa jambo lililotokea nikiwa na miaka kumi na sita.

Tulikaa kwenye mteremko juu ya soko la Magwagwa, upande ambao chai ilikuwa imeanza kula mashamba ya wimbi. Baba yangu, ambaye kwa Kigusii tulimwita Tata, alikuwa mzee wa kanisa letu dogo la Wasabato. Tata aliitunza Sabato kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa mahari. Ijumaa jua likielekea kuzama, kuni zilikuwa zimeshapasuliwa, viatu vimeshapigwa rangi, chakula kimeshapikwa, na kila kitabu cha shule kimeshawekwa juu ya kabati, ambako hakikushuka mpaka jua la Jumamosi litue.

Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya harambee. Jumatatu iliyofuata tulikuwa tufanye mtihani wa serikali, mlango wetu wa pekee wa kuingia kidato cha tatu katika shule inayoeleweka. Ukianguka unarudi nyumbani kuchuma chai, na haipiti muda kabla wageni hawajafika na maneno ya posa. Karatasi ya kwanza ilikuwa baiolojia, na kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Mwalimu wetu, kijana aitwaye Ondieki ambaye mwenyewe alikuwa amemaliza kidato cha sita juzi tu, alikuwa ametuahidi muhtasari wa mada ya seli tangu muhula uanze. Aliuleta lini? Ijumaa, saa tisa alasiri. Karatasi moja kwa kila mwanafunzi, imeandikwa pande zote mbili, wino bado mbichi.

"Someni hii kesho mchana kutwa," alisema, "na mtihani mtauona kama uji."

Kesho mchana kutwa. Yeye alikuwa Mkatoliki.

Jumapili nayo haikuwa yangu. Kwa kuwa hatukuchuma Sabato, Jumapili nyumba nzima iliingia shambani tangu umande mpaka gari la kukusanya majani lifike kituoni. Na giza likiingia tulikuwa na kibatari kimoja kwa watu tisa. Siku pekee iliyokuwa tupu ndiyo iliyokuwa imefungwa kufuli.

Basi niliikunja karatasi ile nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Kanisani nilikaa karibu na ukuta, pembeni ya nyanya yangu tuliyemwita Magokoro, nikainamisha kichwa kama mtu anayetubu. Ukuta wa seli, utando, saitoplazimu, kiini, vakuo. Majina yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, nami nikayameza kama vidonge vya kwinini, bila kutafuna.

Magokoro hakujua kusoma, lakini wakati wa kuimba alipenda kushika kitabu. Wimbo ulipotangazwa alikitwaa mikononi mwangu kabla sijawahi kukizuia. Karatasi ikamfungukia mapajani, na ule mchoro mkubwa wa seli ukawa unamtazama. Naye akautazama. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwenye masikio mazito:

"Mjukuu wangu, yai hili ni la wimbo gani?"

Benchi zima lilicheka. Tata, aliyekuwa amesimama mbele kuongoza ibada, hakucheka.

Nyumbani hakunipiga wala hakufoka, na afadhali angefoka. Aliinyoosha karatasi juu ya meza, akaikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Jua likizama utaipata."

"Jua likizama hakuna mwanga, Tata."

"Basi ndivyo siku ilivyoumbwa."

Nilisusa chakula. Nilikwenda jikoni nikakaa kando ya meko baridi nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira, ile hasira ya kuonewa na mtu ambaye huwezi kumwambia kitu. Mama aliingia, akanitazama, akatoka. Nikawasikia uani wakizungumza kwa sauti ya chini. Baada ya muda Tata alisimama mlangoni, bado na koti na tai.

"Toka. Twende tukatazame kazi ya Mungu."

Hiyo ilikuwa desturi yetu. Sabato mchana, watu wakishakula, hutembea mashambani wakitafakari uumbaji. Mimi sikuwa na haja ya uumbaji. Nilimfuata nikiburura miguu mpaka katikati ya chai. Pale akainama, akashika jani moja kati ya vidole viwili bila kulichuma, kwa sababu kuchuma ni kazi.

"Karatasi ni ya mwalimu," alisema. "Jani ni la Mungu. Nieleze kilichomo."

Nikammwagia yote niliyokuwa nimemeza, kwa Kiingereza, bila kupumua. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Sasa niambie kwa maneno ambayo Magokoro angeelewa."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Nilisema seli ni kama nyumba ndogo isiyoonekana kwa macho. Akauliza ni nani aliyeiona basi. Nilisema kiini ni kama mwenye boma. Akauliza mwenye boma huyo akifa, nyumba inaendelea? Nilisema utando unaruhusu molekuli za maji kupita na kuzuia za sukari. Akataka kujua molekuli ni nini. Nikamwambia ni chembe ndogo, ndogo hata kuliko vumbi la unga.

"Na nani amezikataza za sukari?"

"Hakuna aliyezikataza, Tata. Ni kubwa, na matundu ni madogo."

Alilitafakari hilo kwa muda ambao ningeweza kukariri nusu ya karatasi. Hakuna swali lake hata moja ambalo mtahini yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Mgongo uliniuma, maana hakukubali jani liachane na tawi, ikabidi sote wawili tuinamie kichaka kimoja kama watu waliodondosha sindano.

Tukiwa hivyo, alipita Mama Kerubo, shemasi wa kanisa letu, akienda kumtazama mgonjwa. Alitusalimia kutoka njiani. Tata aliitikia bila hata kuinuka vizuri. Mama Kerubo alitazama mikono yetu ndani ya chai, akatazama jua lilipokuwa, akaenda zake.

"Majani yakikaa kikapuni juani hunyauka," Tata aliendelea, "na karani wa kituo huyakataa. Maji yamekwenda wapi?"

"Yametoka kwenye vakuo, kile kifuko cha maji ndani ya seli. Seli zimelegea."

"Mbona jani haliyeyuki likawa rojo?"

Nilijua jibu liko upande wa pili wa karatasi, karibu na juu. Nilifumba macho niuone mstari wenyewe. Haukuja. Huku nikimchukia kidogo, nikawaza gunia la mahindi pale nyumbani, jinsi lilivyokuwa linapungua.

"Kwa sababu ukuta wa nje ni mgumu," nilisema polepole. "Maji yakitoka, ukuta unabaki. Kama gunia. Mahindi yakipungua linakunjamana, lakini bado ni gunia."

"Kumbe unajua," alisema, akahamia kichaka kingine.

Jua lilipotua alinirudishia karatasi kama alivyoahidi. Niliisoma mlangoni kwa mwanga uliobaki, nikashangaa ilivyokuwa fupi.

Mtihani ulikuja ukapita. Kwenye mchoro niliweka majina mawili moja mahali pa jingine, jambo ninaloona aibu nalo mpaka sasa, lakini swali la viazi vinavyolegea kwenye maji ya chumvi niliandika mpaka nafasi ikaniishia. Nilipata shule. Daktari sikuwa, ingawa Tata alikuwa amewatangazia majirani kwamba nitakuwa. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na zaidi.

Miezi ile nikingoja matokeo, Tata aliacha kusimama mbele kanisani. Alikaa benchi la nyuma, nyuma yangu kabisa, na kila niliposinzia alinidokoa begani kwa kidole. Nilimuuliza Mama kwa nini harudi kwenye kiti chake akaniachia bega langu. Mama akasema, "Anapumzika." Nikaridhika. Mtoto huridhika upesi na jibu lisilomhusu.

Kisa chenyewe nilikipata tukiwa tumeshamzika Tata, siku moja mimi na Mama tukipukuchua maharagwe. Mama Kerubo alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba mwenzao anachuma chai Sabato pamoja na binti yake.

"Angesema tu mlikuwa mnatazama uumbaji," Mama alisema. "Na ilikuwa kweli. Wangemwamini."

"Alisema nini?"

"Aliwaambia mikono yake haikuchuma jani hata moja, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mtihani wa Jumatatu, na alijua hivyo tangu alipokutoa jikoni. Akaomba mwenyewe aondolewe kwenye uzee wa kanisa. Walimrudisha baada ya miaka miwili."

Mimi nilikuwa nimekisimulia kisa hiki maisha yangu yote kama kisa cha mzee mkaidi aliyemnyang'anya mwanawe karatasi. Nilikisimulia kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi wavivu, kwenye arusi ya mdogo wangu. Nilikisimulia mbele yake mwenyewe, sebuleni, wageni wakiwa tele, nikimwigiza alivyoinamia chai na tai yake ikiburura kwenye majani. Tata aliweka kikombe chini, akacheka pamoja na wengine, wala hakunisahihisha hata mara moja.