Wifi alimfungia mama yangu mlango wa handaki, leo wanataka nimtunze

Salaam kwenu nyote wa ukurasa huu. Jina langu lifichwe, maana ninaowasema humu wana simu na wanasoma. Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka sabini, mjane, naishi Chuno hapa Mtwara kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi na mama yangu asili yetu ni Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Tulivuka mto nikiwa kigori, baada ya Wareno kuchoma kijiji chetu na baba kufia humo. Huku nikasilimu, nikaolewa na kijana wa Mikindani aliyekuwa kuli bandarini, na mama akaishi kwangu. Mume wangu hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa dada yake mkubwa, wifi yangu. Kila akija kututembelea alimtazama mama ndonya yake ya mdomoni na chale za usoni, kisha akauliza, mama akisikia, kama huyu naye anakula sahani moja na watoto.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini vita vya ng'ambo vilikuwa vimepamba moto, na hofu ikaingia mjini kwamba ndege zitafika hadi bandarini. Wenye ndugu mashambani walianza kuhama. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita akasema makuli hawaruhusiwi kuondoka, kwa hiyo familia zao zijiandae kukaa hapa hapa: kila nyumba ichimbe handaki, iweke akiba ya chakula na maji, na usiku mwanga usionekane nje.

Mume wangu alikuwa akishinda kazini. Handaki tulichimba mimi na mama, mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Mchanga wa Mtwara mnaujua, ukichimba unamomonyoka. Mama akasuka fito kuzuia kuta, kama walivyofanya kwetu kabla hatujakimbia. Juu tukalaza magogo ya minazi, tukafukia. Tukajaza pipa la maji, tukaanika mihogo ua mzima tupate makopa, madirisha tukayaziba kwa kaniki. Mikono ya mama ilichubuka akawa analala ameipaka mafuta ya nazi.

Kazi ilipokwisha, wifi akaja na watoto wake na mikeka yake. Alisema kwake hakuna mtu wa kumchimbia. Nikampokea, nikampa chumba, mama akahamia jikoni. Hata wiki haijapita, wifi akaanza kuwanong'oneza majirani kwamba mama anaanika makopa meupe makusudi, ndege za Wareno ziione nyumba. Kila ua hapa Chuno ulikuwa na makopa. Majirani mwanzo walicheka, baadaye wakaacha kuitikia salamu ya mama.

Asubuhi moja, mume wangu akiwa nyumbani, kipande cha reli kikagongwa kwa balozi. Ndiyo ilikuwa alama ya hatari. Tukaisikia na ndege yenyewe. Tukakimbilia handakini, mimi na mtoto tukasukumwa mpaka ndani kabisa. Wifi akaingia wa mwisho, akakaa mlangoni. Mama alikuwa bombani. Alikuja mbio, kanga mkononi, akainama aingie. Wifi akanyoosha mguu, akakanyaga nguzo ya upande wa pili wa mlango, njia ikazibika.

"Huyu haingii," alisema. "Wenzake wa ndegeni wanamjua, hawatamdondoshea kitu."

Nikapiga kelele, nikataka kupita, watoto wamejazana miguuni. Nikamwambia mume wangu amtoe dada yake pale. Mume wangu, Mungu amrehemu, akasema, "Mama, kaa hapo ukutani. Itapita sasa hivi."

Mama akageuka. Alikwenda kukaa chini ya ukuta wa choo, akajifunika kanga kichwani. Nilimwona kupitia chini ya mkono wa wifi.

Ndege ilizunguka, ikaelekea upande wa Msimbati, ikapotea. Haikuangusha chochote. Watu wakatoka wanacheka, wanapanguzana mchanga. Wifi akaenda kupika chai kama kawaida.

Kesho yake mama akafunga mzigo. Nikamlilia abaki. Akaniambia kwa Kimakonde, "Kule niliwakimbia Wareno. Hapa nikae nikimwogopa mwanamke mwenzangu?" Akaenda kwa ndugu wa mbali huko Nanyamba, akawa anapalilia mikorosho ya watu. Homa ikamchukua masika yale yale. Habari ilinifikia wameshamzika. Mume wangu alisema dada yake aliogopa tu, na mwenye hofu hana adabu. Basi, yakaishia hapo.

Sasa wifi ameanguka, hatembei tena. Wanawe wameamua aletwe kwangu, wanasema ni nyumba ya kaka yake na vyumba vipo. Wanangu wameafiki. Mimi nilisema jambo moja tu: kwanza atamke alichomfanyia mama. Wanawe wakanipigia simu wakampa wifi, sauti ikawekwa wazi; nikampa salamu, nikamuuliza wanawe na wanangu wote wakisikia.

Akajibu kwa sauti tamu, "Wifi yangu, umri umekuchanganya. Mama yako aliogopa giza la mle ndani, mwenyewe alikataa kuingia. Mimi nilimbembeleza."

Wanangu wakanigeukia kwa huruma, kama mgonjwa. Mkubwa akaniambia, "Mama, zamani sana hiyo, huenda kweli umesahau." Watu wazima waliokuwapo wamekufa, na wale watoto wa handakini walikuwa wadogo mno kukumbuka. Tumebaki mimi na yeye.

Wanamleta Ijumaa. Atataka kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani, na wajukuu wangu watakaa miguuni pake wakimsikiliza akisimulia. Mtakaoniambia yamepita, msijisumbue, hayo nimeshaambiwa na niliowazaa. Nawauliza wengine: nimpokee mtu huyu nimuuguze huku akimzulia marehemu mama yangu, au nifunge mlango nionekane bibi katili mbele ya ukoo mzima? Nipeni shauri kabla ya Ijumaa, nifanyeje?